Denis Burkitt: Tabibu wa jicho moja aliyeutetea mlo wa mashambani

SIKU moja mwaka wa 1957, Dkt Hugh Trowell wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alimwita mwenzake aje amtazame mtoto wa kiume aliyekuwa amelazwa wodini. Taya za mtoto huyo, za juu na za chini, zilikuwa zimevimba pande zote mbili, meno yamelegea na uso umeharibika. Mpasuaji aliyeitwa, Denis Burkitt, hakuwahi kuona uvimbe wa namna hiyo katika vitabu alivyosomea, na hakuwa na tiba ya kumpa.

Majuma machache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, Burkitt alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uo huo. Tukio la mara moja angelisahau, lakini la mara mbili lilimkosesha utulivu. Alirejea Mulago akaanza kupekua rekodi za wagonjwa wa miaka iliyopita, na huo ukawa mwanzo wa safari iliyolifanya jina lake kujulikana ulimwenguni kote.

Madaktari wengi wanalifahamu jina la Burkitt kutokana na saratani hiyo ya watoto ambayo hadi leo huitwa kwa jina lake. Hata hivyo, mchango wake unaomgusa kila mtu, mgonjwa na mzima, ni ule alioutoa baadaye maishani kuhusu chakula. Yeye ni miongoni mwa watu walioufundisha ulimwengu kwamba yale makapi ya nafaka yaliyokuwa yakitupwa au kulishwa mifugo yana kazi kubwa katika mwili wa binadamu.

Mtoto wa mhandisi

Denis Parsons Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi aliyependa mno kuchunguza ndege wa porini na kuchora ramani za makazi yao. Mazoea hayo ya kuuliza kila kitu kinapatikana wapi, na kwa nini hakipatikani kwingine, mwana aliyarithi.

Akiwa na umri wa miaka 11, alipigwa jiwe usoni katika ugomvi wa wavulana. Miwani yake ilivunjika, vipande vya kioo vikaingia jichoni, naye akapoteza jicho la kulia. Tangu siku hiyo aliutazama ulimwengu kwa jicho moja.

Alijiunga na Chuo cha Trinity, Dublin, akikusudia kufuata nyayo za baba yake katika uhandisi. Humo alikutana na wanafunzi Wakristo waliokuwa wakikusanyika kwa sala, akaamini kwamba ameitwa kuwahudumia wagonjwa, akahamia kozi ya udaktari. Alihitimu mwaka wa 1935, na mwaka wa 1938 akafuzu kuwa mpasuaji mjini Edinburgh.

Alipoomba kazi katika utumishi wa makoloni barani Afrika, alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyomfungulia mlango. Alijiunga na kikosi cha matibabu cha jeshi la Uingereza mwaka wa 1941, akahudumu Kenya na Somalia miongoni mwa sehemu nyinginezo. Kenya haikuwa jina geni katika ukoo wao, kwani ami yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari mashuhuri jijini Nairobi.

Vita vilipomalizika, ombi lake lilikubaliwa. Mwaka wa 1946 alipelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, na baada ya muda mfupi akahamishiwa Mulago.

Safari ya maili elfu kumi

Burkitt alichapisha taarifa yake ya kwanza kuhusu uvimbe wa taya mwaka wa 1958. Haikuvutia wengi. Badala ya kukata tamaa, alipiga chapa vikaratasi vyenye picha za wagonjwa na kuvituma katika hospitali za bara zima, akiwauliza madaktari iwapo wamewahi kuwaona watoto wa namna hiyo.

Majibu yalipowasili, alichomeka pini kwenye ramani. Pini hizo zilifanya ukanda unaokatiza katikati ya Afrika, na ukanda huo ulikuwa na mipaka. Ili kujua mipaka hiyo imewekwa na nini, Oktoba 1961 alifunga safari kwa gari kuukuu aina ya Ford lililonunuliwa kwa pauni 250, akiandamana na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson.

Kwa muda wa majuma kumi walisafiri takriban maili 10,000, yaani kilomita 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakizuru zaidi ya hospitali 50. Waligundua kwamba uvimbe huo hauonekani penye baridi wala penye ukame. Ulishamiri palepale ambapo mbu wa malaria walishamiri.

Wakati uo huo, mtafiti Anthony Epstein, aliyekuwa amemsikiliza Burkitt akihutubia London mapema mwaka wa 1961, alianza kupokea vipande vya uvimbe vilivyotumwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka wa 1964 yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wamepata virusi ndani ya chembechembe hizo. Hivyo ndivyo virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

La kufurahisha zaidi ni kwamba Burkitt na wenzake wa Kampala na Nairobi waligundua kuwa baadhi ya watoto hao walipona kwa dawa pekee. Watoto ambao mwaka wa 1957 hawakuwa na matumaini yoyote sasa waliweza kurudi nyumbani.

Swali lililogeuzwa

Burkitt alirejea Uingereza mwaka wa 1966 akiwa mtu mwenye sifa. Angeweza kupumzika. Mwaka uliofuata, hata hivyo, alikutanishwa na Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la wanamaji aliyekuwa na wazo ambalo wakubwa wa tiba walilipuuza.

Cleave aliamini kwamba kisukari, unene wa kupindukia, maradhi ya moyo, kuoza kwa meno na kufunga choo si magonjwa yaliyotengana. Kwa maoni yake, yote yalikuwa na chanzo kimoja, nacho ni sukari na unga mweupe uliokobolewa.

Burkitt alipoisikia orodha hiyo, alikumbuka miaka yake ya Uganda. Kwa takriban miaka 20 alikuwa amewapasua wagonjwa wa kila aina, ila kuna maradhi ambayo karibu hakuyaona kamwe miongoni mwa wanavijiji, ilhali katika hospitali za Uingereza yalijaza wodi. Alikumbuka jinsi alivyowaona wachache mno wenye kidoletumbo, vijiwe vya nyongo, bawasiri au saratani ya utumbo mpana. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amejishughulisha na maradhi waliyokuwa nayo Waafrika. Sasa alianza kujiuliza ni kwa nini hawakuwa na yale mengine.

Alitumia mbinu ileile ya zamani. Aliandaa fomu na kuzituma kila mwezi kwa hospitali zipatazo 150, nyingi zikiwa za misheni barani Afrika na Asia, akiomba hesabu ya wagonjwa wa maradhi hayo. Picha iliyojitokeza ilikuwa ileile. Maradhi yale yalikuwa adimu vijijini, yakaongezeka mijini, na yakawa ya kawaida penye chakula cha Kizungu.

Mizani na kinyesi

Tofauti na Cleave, Burkitt hakukazia macho kile kilichoongezwa chakulani, yaani sukari, bali kile kilichoondolewa. Punje ya mahindi au ngano ina ganda, kiini na sehemu nyeupe ya wanga. Kinu cha kisasa huondoa ganda na kiini, kikabakisha wanga. Pamoja na ganda huenda nyuzinyuzi, ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuzisaga na kwa hivyo wataalamu wa zamani waliziona takataka tu.

Akishirikiana na Alexander Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa Uingereza, Burkitt alifanya jambo ambalo madaktari wengi wangeona aibu kulifanya. Washiriki walimezeshwa vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwa eksirei, kisha kinyesi chao kikapimwa uzani na kukaguliwa ili ijulikane chakula kilichukua muda gani kupita mwilini.

Matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 1972. Wanavijiji wa Uganda walitoa wastani wa takriban gramu 470 za kinyesi kwa siku, na chakula kilipita mwilini kwa muda wa saa 36 hivi. Wanamaji wa Uingereza, vijana wenye afya, walitoa takriban gramu 104 pekee, na chakula kilikaa tumboni kwa zaidi ya saa 80.

Burkitt alieleza kwamba mzigo mdogo na mgumu hulazimisha utumbo na mtu mwenyewe kujikamua, na kwamba kujikamua huko kwa miaka mingi huleta bawasiri na vifuko katika ukuta wa utumbo mpana. Aidha, uchafu unaokaa mno tumboni huupa utumbo muda mrefu wa kugusana na kemikali zinazoweza kusababisha saratani.

Alizunguka mataifa mengi akihutubu. Katika kumbi za heshima, mbele ya maprofesa, alionyesha picha za vinyesi vilivyopigwa vichakani bila kuona haya, na wasikilizaji wakacheka kisha wakaelewa. Picha nyingine aliyoipenda iliwaonyesha madaktari wakipangusa sakafu iliyofurika maji huku mfereji ukiachwa wazi nyuma yao. Kwake yeye, hospitali zilizojengwa ili kutibu maradhi ya ulaji mbaya zilikuwa zikipangusa sakafu tu.

Nyuzinyuzi na uzani wa mwili

Katika orodha ya maradhi ambayo Burkitt na Trowell waliyahusisha na chakula kilichokobolewa, unene wa kupindukia ulikuwa na nafasi yake. Trowell, aliyefika Kenya mwaka wa 1929 na kuhamia Uganda mwaka wa 1935, alikumbuka kwamba katika miaka yake ya mwanzo Mwafrika mnene alikuwa nadra kuonekana hospitalini. Kufikia wakati alipoondoka mwishoni mwa miaka ya 1950, walikuwa wameanza kujitokeza mijini, hasa miongoni mwa wenye uwezo.

Namna nyuzinyuzi zinavyozuia unene si ajabu. Chakula chenye makapi huhitaji kutafunwa, na kutafuna huchukua muda. Kikifika tumboni hunyonya maji na kujaza nafasi, hivi kwamba mlaji hushiba kabla hajapitisha kiasi. Kilichokobolewa huteremka haraka, na mtu huweza kula maradufu kabla mwili haujampa habari kwamba umetosheka.

Mwaka wa 1977, watafiti wa Bristol nchini Uingereza walilithibitisha jambo hilo kwa matofaa. Watu walewale walipewa matofaa mazima, kisha yaliyopondwa, kisha maji yake pekee, kiasi cha sukari kikiwa kilekile. Maji hayo yalinywewa kwa kasi mara 11 kuliko matunda mazima, na wanywaji hawakushiba kama walipotafuna tunda. Anayemnunulia mwanawe chupa ya sharubati akidhani amempa tunda afaa kuukumbuka utafiti huo.

Hata hivyo, ingekuwa makosa kudai kwamba mlo wa kijijini haukuwa na dosari. Trowell huyohuyo alikuwa ametumia sehemu kubwa ya maisha yake Mulago akipambana na utapiamlo wa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa ndizi, muhogo au uji mtupu. Matumbo yao yalijaa, lakini miili ilikosa protini na nguvu za kutosha, miguu ikavimba, nywele zikageuka rangi, na wengi wakafariki. Tumbo la mtoto mdogo ni dogo, na chakula kizito chenye makapi mengi hulijaza kabla hajapata anachohitaji.

Kwa hivyo, somo la madaktari hao wawili, likichukuliwa kwa pamoja, ni la mizani. Nafaka isiyokobolewa inahitaji kuandamana na maharagwe, kunde au dengu, mboga za majani, matunda, na kiasi cha maziwa, mayai, samaki au nyama. Sahani ya githeri yenye mboga kando yake inakaribia sana mlo ambao Burkitt aliupigania. Ugali mweupe uliorundikwa mlima, na mboga kijiko kimoja, uko mbali nao.

Waliompinga

Burkitt hakukosa wapinzani. Wengine walisema kwamba maradhi aliyoyaona kuwa adimu Afrika yalikuwa adimu kwa sababu wengi hawakuishi hadi uzeeni yanapojitokeza, au kwa sababu hospitali za mashambani hazikuwa na vyombo vya kuyatambua. Wengine walimlaumu kwa kulinganisha jamii zinazotofautiana kwa mambo mengi, kisha kuchagua jambo moja tu kuwa chanzo.

Hoja hizo zilikuwa na uzito. Mwaka wa 1999, utafiti mkubwa uliowafuata wauguzi wa Marekani kwa miaka mingi haukuona kwamba nyuzinyuzi ziliwakinga dhidi ya saratani ya utumbo mpana. Ilionekana kana kwamba nadharia ya Burkitt, aliyekwisha kufariki, ingezikwa naye.

Miaka minne baadaye, utafiti mwingine uliowahusisha zaidi ya watu nusu milioni katika mataifa 10 ya Ulaya ulitoa picha tofauti. Waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi walipatwa na saratani hiyo kwa kiwango cha chini. Mwaka wa 2015, watafiti waliwabadilishia chakula Wamarekani weusi na wanavijiji wa Afrika Kusini kwa majuma mawili, kila kundi likila chakula cha mwenzake. Katika muda huo mfupi tu, dalili za hatari ndani ya utumbo zilipungua kwa Wamarekani na kuongezeka kwa wanavijiji.

Leo wataalamu wanaamini kwamba kazi ya nyuzinyuzi si kusukuma uchafu pekee, jinsi Burkitt alivyosisitiza. Bakteria wanaoishi katika utumbo mpana huzila na kutengeneza kemikali zinazolinda utumbo wenyewe. Burkitt hakulijua hilo kikamilifu, lakini alikuwa ameelekeza kidole mahali panapofaa. Mwaka wa 2023, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwa chakula, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda.

Mwisho wa safari

Burkitt alitunukiwa nishani nyingi, ikiwemo tuzo ya Lasker ya Marekani mwaka wa 1972, na mwaka uo huo akateuliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi wakuu wa Uingereza. Kitabu chake cha mwaka wa 1979 kuhusu nyuzinyuzi kiliandikwa kwa lugha nyepesi ili mtu wa kawaida akielewe. Pamoja na sifa hizo zote, aliishi maisha ya kiasi na mkewe Olive, waliyefunga ndoa mwaka wa 1943 na kujaliwa mabinti watatu.

Alifariki Machi 23, 1993 mjini Gloucester, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82. Trowell alikuwa ametangulia mwaka wa 1989. Katika Hospitali ya Mulago, kituo kilichoanzishwa mwaka wa 1967 kutibu uvimbe aliouchunguza Burkitt ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Ingekuwa vigumu kwake kuzitambua wodi za Afrika Mashariki za leo. Kisukari, shinikizo la damu na saratani ya utumbo mpana, ambayo aliyaona kwa nadra, sasa yanawapanga watu foleni katika zahanati za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja kati ya watatu wa umri wa kuzaa alikuwa na uzani uliopita kiasi.

Tangu mwaka wa 2012, sheria ya Kenya inawataka wasagaji kuongeza vitamini na madini katika unga wa pakiti wa mahindi na ngano. Hiyo ni hatua njema, kwani hurudisha sehemu ya kilichopotea kinuni. Nyuzinyuzi, hata hivyo, hazirudishwi. Anayezitaka hana budi kupeleka mahindi yake kwenye kinu cha mtaani yasagwe bila kukobolewa, au kuurudisha mezani mtama, wimbi, kunde na mboga za kienyeji ambazo watoto wengi wa mjini sasa wanazijua kwa majina tu.

Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Burkitt hakuwa mzaliwa wa Afrika Mashariki, wala haijulikani kama aliwahi kuisikia methali hiyo. Lakini robo ya mwisho ya maisha yake aliitumia kuwaeleza matajiri wa dunia kwamba mkulima wa Uganda, aliyekuwa akihurumiwa kwa umaskini wake, alikuwa na kitu sahanini ambacho wao walikuwa wamekitupa.